Pini Nyekundu

Sheria ni kwamba kila anayesomea usanifu majengo ataishi maisha yake yote katika nyumba aliyoibuni kwa mtihani wa mwisho. Mashine huijenga vilevile kama mfano wake wa karatasi ulivyo, na ukuta ukishasimama hautobolewi.

Ndiyo maana darasani tulikuwa na desturi yetu. Siku moja kabla ya mtihani tulizungukia mifano ya wenzetu, na penye kosa ulichomeka pini nyekundu ili mwenyewe arekebishe. Pini hizo ziliokoa wengi.

Mimi niliona chumba cha nyuma cha Zawena hakina dirisha. Pini nilikuwa nayo mkononi. Lakini Zawena ndiye pekee aliyekuwa akinizidi darasani, basi nikaitia mfukoni, nikamwambia, "Hongera, umetisha!" Nikawa wa kwanza.

Malipo ni hapa hapa duniani: miaka miwili baadaye tukaoana. Sheria huwaruhusu wanandoa kuchagua moja ya nyumba zao; yangu niliibuni ya mtu mmoja, kwa hiyo tunaishi kwake. Chumba cha nyuma analala binti yetu, Tunu. Ana miaka minne, na hajui kumekucha mpaka tumwambie.

Jana Zawena alimchorea dirisha kwenye karatasi, lenye anga na kunguru wawili, ili alibandike kwenye chandarua chake.

"Baba, linafunguliwaje?" Tunu akaniuliza.

Zawena akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Baba Tunu, nipe basi ile pini yangu."