Wimbo wa Kisima

Kila mvua za kwanza ziliponyesha, wanyama walikusanyika penye kisima cha zamani kuukumbuka ule ukame mkubwa. Kanga hakukosa hata mara moja. Tembo alijisifu jinsi alivyokichimba kwa pembe zake, kisha ukaimbwa wimbo wa siku zile: "Kisima kimoja, ndugu wamoja, hakuna aliyelala na kiu." Kanga alilengwalengwa na machozi. "Ah, zamani tulipendana!"

Mwaka mmoja alikuja mgeni, Nungunungu, akaketi pembeni. Wimbo ulipoanza naye akauimba, neno kwa neno, kwa sauti tamu kuliko wote.

Kanga akafurahi. "Kumbe ni wa hapa hapa, mwanangu! Nani kakufundisha?"

"Ni mama yangu, bibi."

"Basi alikunywa nasi! Mbona simkumbuki?"

"Hakunywa. Mlisema miiba yetu itawachoma watoto wenu, mkakizungushia kisima boma. Tulikuwa nje, tukiwasikia. Mama akaushika wimbo wenu, akawa anatuimbia ili tupate usingizi."

Tembo akakohoa. "Yaliyopita si ndwele."

 Kanga alikuwa amekumbuka mchakacho nje ya boma, ambao miaka yote hiyo alijiambia ni upepo.

Wimbo ule huimbwa hadi leo, na Kanga ndiye anayeuanzisha. Akifika penye "hakuna aliyelala" hunyamaza, na wote hunyamaza pamoja naye, hata Tembo, mpaka Nungunungu amalize kunywa.