Aproni Sita

Wee, mkaguzi alipoingia makao ya wazee asubuhi ile, alimkuta mhudumu Tunu kavimba kama gunia la sufi! Alikuwa kavaa aproni sita mbichi, moja juu ya nyingine, maji yanamchuruzika mpaka miguuni.

Meneja akamkodolea macho. Alikuwa amemwagiza azifue na kuzianika uani, ili mkaguzi adhani wahudumu wako sita.

"Wenzako wako wapi?" mkaguzi akauliza.

"Wote hawa hapa, mama." Tunu akavua aproni ya juu, akamtundikia meneja begani. "Huyu anapika." Akavua ya pili, kisha ya tatu, ya nne na ya tano, zote begani kwa meneja. "Huyu anaogesha. Huyu anafua. Huyu anagawa dawa. Huyu analisha wasiojiweza. Wazee thelathini na mmoja, na sisi sote sita tuna miguu miwili tu."

"Tunu, kazi huitaki?" meneja akanong'ona.

"Naitaka, bosi. Yangu. Hizi tano ni za watu."

Bibi Siwema, aliyelalia ubavu mmoja tangu jana, akacheka kitandani hadi akakohoa. "Mjukuu wangu, ukishamfanya meneja kamba ya nguo, njoo unigeuze! Ubavu unaota mizizi huu."

"Nakuja, bibi. Ila wewe ni wa kunyanyuliwa na watu wawili."

Tunu akachukua aproni moja begani kwa meneja, akaikunjua, akamnyooshea meneja huyo huyo avae. Mkaguzi akaacha kuandika. Aproni ikabaki hewani kati yao, inadondosha maji.