Konokono na Ua la Saa Sita

Ukianza kuguna tu, inuka uende zako. Konokono wa bustanini kwangu naye aliguna hivyo hivyo.

Kila jioni alikuta maua yamefumba. "Yana nini ndani?" akamuuliza Nyuki.

"Yanafunguka saa sita mchana, shoga," alisema Nyuki.

"Muongo! Kesho nashinda hapa, nione mwenyewe."

Alfajiri akapanda juu ya tumba. Jua la kiangazi lilipochoma, akajikunja gambani akalala. Ua likachanua, akatumbukia katikati, hana habari. Jioni likafumba, likamsukuma nje, akaamka.

"Halikufunguka! Nilikuwepo!"

"Na manjano hayo mgongoni," Nyuki akamuuliza, "nani kakupaka singo kama bibi harusi?"

Konokono akageuza macho, akaona gamba zima limejaa unga wa ua. Akarudi ndani ya gamba.

Umeguna, na huinuki? Basi mimi natoka. Mlango naufunga, ubaki na ubishi wako.