Kigingi cha Thelathini na Nane

Kigingi kilikuwa kimeng'olewa tena. Hii ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo, na mara zote kilikutwa kimetupwa ng'ambo ya barabara.

Wangwe, mpima laini wa serikali, alikiokota akawa anajipigapiga nacho kwenye buti. Saa nne ilikuwa imeshapita. Saa sita mhandisi angefika kwa Landrova kutoka Homa Bay, na agizo jipya la umeme halikuwa na mchezo: mahali ambapo mashimo ya nguzo hayajachimbwa, laini ihamishiwe tarafa nyingine. Mbele kidogo, njia ya Ndhiwa, kulikuwa na zahanati ambamo wanawake walijifungua kwa taa ya mafuta. Wangwe alikuwa amewaahidi stima kabla mwaka wa 1966 haujaisha. Ahadi hiyo ilimkosesha usingizi.

Mashimo thelathini na saba yalikuwa tayari. La thelathini na nane liliangukia juu ya kaburi, ndani ya boma la Mama Filister, mjane asiyeona. Kushoto kwa kaburi ni mwamba, kulia ni bonde la tope.

"Mama," alisema Wangwe kwa sauti kubwa, kana kwamba asiyeona hasikii pia, "nani anang'oa kigingi yangu?"

"Mimi sioni hata mkono yangu, Bwana Serikali. Nitaona kijiti?"

Alikuwa ameketi juu ya kaburi, miguu ameinyoosha, kama mtu aliye nyumbani kwake, na kweli alikuwa nyumbani kwake.

Kwa kawaida kazi ya kubembeleza wazee ilikuwa ya Nicodemus, nyapara wa Wangwe. Nicodemus angemtania bibi kizee mpaka acheke, na wino ungekauka kwenye dole gumba kabla bibi hajajua amekubali nini. Mfanyakazi wa kutegemewa. Miaka kumi na miwili katika kazi ya stima, Mombasa, Thika, Nakuru, na hajawahi kuomba likizo hata siku moja.

Lakini tangu wafike hapa amekuwa mzigo. Juzi alileta wazo la kuipitisha laini kwenye lile tope, wazo ambalo hata ng'ombe wangelicheka. Jana mguu ulimuuma. Leo alinong'ona kwamba koo limevimba, akabaki nje ya lango, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akienda hatua tatu na kurudi hatua tatu. Wangwe alitamani kumrushia kile kigingi.

"Na huyo mwingine kwa lango ni nani?" aliuliza Mama Filister. "Nasikia viatu yake inazunguka tu."

"Nyapara wangu. Ni mgonjwa."

"Mwambie aingie akae kwa kivuli. Mgeni hasimami kwa lango."

Kivuli kilikuwa cha mti wa yago, yaani mwegea, uliojaa matunda mazito, marefu kama mkono wa mtu mzima. Wangwe alimwashiria nyapara wake aingie. Nicodemus alitikisa kichwa, akarudi nyuma hatua mbili.

Saa tano ikafika. Wangwe alitoa mfukoni barua ya D.C., mkuu wa wilaya. Alikuwa ameificha siku tatu, akitumaini hataihitaji. Aliisoma haraka haraka, macho yake yakiyakwepa yale yaliyopofuka: mwenye boma akikataa, shimo lichimbwe.

Mama Filister alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto nilizaa mmoja tu," alisema. "Kila asubuhi nakuja hapa namsalimia. Ukisimamisha mti ya stima juu yake, mimi nitasalimia nani?"

Wangwe aliona aibu, aibu ya kweli, kwa maana mama yake mwenyewe alikuwa Isebania na umri ulikuwa huo huo. Kisha akafikiria wale wanawake wa zahanati na taa yao ya moshi, akatazama tena saa.

"Mniko," alimwita kibarua wake. "Anza hapo miguuni. Polepole."

Mniko alivua kofia, akatema mate pembeni, akainua sururu.

"Weuru!"

Sauti ilitoka langoni, kali, ikiamuru kwa Kijaluo waache. Mniko alikuwa Mkuria kama bosi wake na hakujua neno hata moja la lugha hiyo, lakini aliganda na sururu hewani.

Wangwe aligeuka kwa hasira. "Kumbe koo imepona!"

Nicodemus alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, kana kwamba neno lile lingeweza kurudishwa ndani.

Mama Filister naye alikuwa amegeuza uso kuelekea langoni. Alikaa hivyo kwa muda, kichwa ameinamisha upande, akisikiliza. Viatu vilikuwa vimeacha kuzunguka. Halafu akapapasa ardhi, akainuka kwa shida, akashuka kaburini na kujikung'uta vumbi kwenye nguo.

"Chimba," alimwambia Mniko.

Wangwe alidhani hakusikia vizuri. "Umekubali, Mama?"

"Chimba mpaka chini, kijana, na fanya haraka." Alinyoosha mkono kuelekea langoni. "Hapo hakuna mtu. Ziwa ilikataa kunirudishia mwili, tukazika tunda ya yago badala yake, kama desturi yetu. Mwenye hiyo kaburi amesimama kwa lango yangu tangu asubuhi, anaogopa kuingia kama bado amezikwa."