Shati la Baba Siwema

Basi Mama Siwema alikuwa ameunganisha vipande vya kanga zake kuukuu, akivikata kwa kufuatisha karatasi ya kalenda ya zamani, na blanketi la mjukuu lilibakiza pengo moja tu katikati. Binti yao Siwema alikuwa anakaribia kujifungua.

"Kitendawili," akamwambia mumewe.

"Tega."

"Ana mikono miwili wala hana vidole."

"Shati."

"Haya, livue."

Mzee akalikumbatia shati lake. "Hili bado zima."

"Zima wapi, kola yenyewe imebaki nyuzi?"

"Hulipati, Mama Siwema. Hili ndilo nililovaa siku niliyompakata mwanangu mara ya kwanza."

"Kwani unadhani nimesahau? Ningetaka tambara tu, si ningechukua lile shati lako la mistari?"

Mzee akaanza kufungua vifungo, polepole, kuanzia chini. "Ila mfuko usiuharibu."

Hakuuharibu. Alikata shati kuuzunguka, akaushona mzimamzima pale katikati ya blanketi. Mzee, kifua wazi, akainama akaingiza vidole viwili mfukoni, akavitoa, akaingiza kimoja, kana kwamba anapima mkono ambao bado hajauona.