Mgonjwa wa Sitini na Saba

Barua ile ilitoka upande wa pili wa meza. Kétsia aliituma kwa kompyuta yake, na kabla hajanyanyua kikombe cha chai, ilikuwa imemfikia Daktari Byamungu, umbali wa mkono mmoja.

"Kwa Mwandishi Mheshimiwa," ilianza. Daktari aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe.

"Kétsia, mama, si ungeniuliza tu kwa mdomo?"

"Kanuni inasema, numero ikikosa, tunaandikia mwandishi. Mwandishi njo Docteur. Ningeandikia nani, gavana?"

Kanuni hizo Daktari alizitunga mwenyewe. Kwa miezi mitano, katika hospitali yao ya kilimani huko Masisi, walikuwa wakikusanya kila utafiti uliochapishwa duniani kuhusu swali moja: je, kifua kikuu chaweza kutibiwa kwa miezi minne badala ya sita? Maandiko elfu moja na mia tatu yalichujwa, yakabaki ishirini na matatu. Jibu lao ndilo lingeamua dawa ya zahanati zote za Masisi na Walikale.

Andiko la ishirini na mbili lilikuwa la Byamungu mwenyewe, la miaka kumi na mitatu iliyopita, lile lililompa jina. Kwa kuwa mtu hahukumu kazi yake mwenyewe, alimwachia Kétsia, muuguzi kijana, alipime peke yake.

Barua iliuliza jambo dogo. Wagonjwa tisini na sita walitibiwa miezi minne. Themanini na watano walipimwa tena baada ya nusu mwaka, wote wazima. Kumi na mmoja, wote wa Pinga, hawakupimwa, na penye sababu paliandikwa: walikimbia vita. Mwandishi alijuaje kwamba walikimbia?

Byamungu alikuwa mtu wa kunyooka. Mwaka uliotangulia alimfukuza muuguzi aliyeandika joto la mgonjwa bila kulipima. "Asiyepima asiandike," alimwambia mbele ya wenzake, kwa sauti ileile aliyoisikia utotoni katika bweni la mapadri. Watu walimheshimu kwa hilo. Naye alijiheshimu, isipokuwa siku za mvua.

Mvua ilimrudisha kimawazo Mpofi, kijiji cha njiani kwenda Pinga, mwaka ule wa utafiti. Huko alikaa siku tatu akingoja tope liiruhusu pikipiki ifike Pinga. Wenyeji walipita mbele yake na madumu ya mawese, tope limewafika kiunoni, wakamsalimu na kumwambia kwamba huko Pinga watokako kuko shwari. Siku ya nne akageuza. Mwezi ule, Pinga hapakulia risasi hata moja. Lakini vita, katika nchi hii, ni sababu ambayo hakuna anayeihoji. Aliandika maneno mawili tu, na mhariri wa mbali akayapokea kwa masikitiko.

Tangu hapo, kila mgonjwa wa Pinga aliyeletwa akikohoa damu alimhudumia kwa mikono yake mwenyewe, wala hakumwambia mtu kwa nini.

Nje, matone ya kwanza yalianza kugonga bati. Kétsia alikuwa amerudia kusoma. Chini ya kila mstari alisogeza kadi ya njano iliyokunjwa na kuvikwa plastiki, kama alivyofanya tangu siku ya kwanza. Kazi hii aliiomba mara mbili. Mara ya kwanza Byamungu alimwambia angali mdogo. Mara ya pili alimkubali kwa sababu hakuwahi kuona mtu asomaye hivyo, kama anayetafuta jina la ndugu yake katika orodha.

Daktari alifungua nafasi ya jibu. Aliandika: "Sikufika."

Akalitazama neno hilo. Likienda, andiko linaondolewa kwenye orodha, na jina lake linaondoka nalo. Lisipoenda, miezi minne itapitishwa, na atakuwapo mtu mmoja tu anayejua kwamba kumi na mmoja hawakuulizwa kama walipona.

Akalifuta.

"Nitakujibu kwa mdomo, mama," alisema. "Nilifika Pinga mwenyewe. Nyumba zilikuwa tupu."

"Zote, Docteur?"

"Zote."

"Hakubakia hata mutu mumoja? Hata mutoto wa kuulizia?"

"Hata mutoto."

Kétsia alitikisa kichwa polepole, akaandika jibu hilo neno kwa neno, kisha akalisoma kwa sauti ili mwandishi athibitishe. Mwandishi akathibitisha.

"Aksanti, Docteur. Kanuni inasema tena, jibu la mwandishi tunalinganisha na fishi ya mugonjwa, ile kadi yake, kama fishi iko."

"Fishi za Pinga zilipotea, mama. Zote."

"Moya iko."

Alivua plastiki, akaikunjua kadi ya njano, akaisukuma juu ya meza hadi mbele ya miwani yake. Nambari 67. Mwanamke, miaka thelathini na mmoja, Pinga. Chini, kwa mwandiko ambao Byamungu angeutambua hata gizani, kwa kuwa ulikuwa wake: Tutarudi kukupima Jumanne, tarehe nne.

Chini ya tarehe hiyo, kwa penseli, mkono wa mtoto ulikuwa umeongeza Jumanne nyingine, na nyingine, zote kumi na tisa, na mbele ya kila moja neno lilelile la kungoja bure: hawakukuya. Mstari wa mwisho haukuwa na tarehe. Kétsia aliusoma kwa sauti, bila kuitazama kadi.

"Mama haiko tena. Mukikuya, miye niko."