Mgongo wa Riziki

Siku hiyo mjinga alikuwa Shekue mwenyewe, tena mjinga wa kujitakia. Nani alimtuma afungue sanduku, atoe mbeleko ya Riziki, binti yake wa miaka miwili na ushei, amfunike nayo mtoto mchanga?

Riziki alipoiona alikwenda jikoni, akarudi na mwiko, akamtandika mdogo wake mguuni. Mtoto akapasua kilio, naye Riziki akajibwaga sakafuni akagaragara, akilia kumshinda aliyepigwa.

“Huyu ana pepo!” Shekue akafoka. “Leo atanitambua!”

“Hana pepo, baba Riziki,” mkewe Mwatime akasema kutoka kitandani, akimbembeleza mchanga. “Umemnyang'anya mgongo. Mrudishie.”

“Mgongo upi, nawe hata kukaa hujaweza?”

“Kwani wako umeuazima?”

Shekue akachukua mbeleko, akachuchumaa, akageuza mgongo. Alipigwa mwiko wa bega, kisha wa pili, huo haukuwa na nguvu. Halafu akasikia mikono miwili midogo ikimzunguka shingo.

Akamfunga barabara, akatoka naye uani kuanika nepi; ndani mchanga alikuwa ameshapata usingizi. Jirani yao, Mbwarali, akachungulia juu ya ua, akaangua kicheko.

“Lo! Shekue kazaa! Hongera mama, maziwa yanatoka?”

Shekue alifumbua kinywa amjibu, lakini mwiko ulishachomoza juu ya bega lake, umemwelekea Mbwarali.

“Wewe, nyamaza!” Riziki akasema. “Mtoto wangu kalala.”